Dampa la umeme na bili ya mgodi

Laini ya umeme inayotoka bwawa la Mtera kwenda Dodoma huendelea hadi Singida, ambako mgodi wa dhahabu wa Shanta ulianza uzalishaji mwaka 2023. Je, mgodi wa ukanda huu ukiacha madampa ya dizeli na kununua ya umeme, utaokoa fedha?

Kwenye nishati, bila shaka. Chukua dampa lenye uzito wa tani 70 likiwa tupu, lililobeba tani 100 za mawe, likipanda mita 100 kutoka chini ya shimo. Kuinua uzito huo peke yake ni uniti 46. Ukijumlisha msuguano wa matairi na upotevu wa mitambo, la umeme litakula kama uniti 65. La dizeli litachoma karibu lita 16, maana zaidi ya nusu ya nguvu ya mafuta huishia kuwa joto. Kwa shilingi 157 kwa uniti, bei ya TANESCO ya msongo wa kati, safari hiyo ni shilingi 10,200 hivi. Tukichukulia dizeli ni shilingi 2,800 kwa lita, ni 44,800.

Likishuka tupu, mota hugeuka jenereta na kujaza betri kidogo. Uswisi lipo dampa linaloshusha mzigo kutoka mlimani na kujichaji njiani. Sisi tunapandisha mzigo, kwa hiyo hesabu yao isituhadae.

Bei ya kununua ni kubwa, hilo linajulikana. Kinachosahaulika ni tozo ya kilele: shilingi 13,200 kwa kila kVA ya kiwango cha juu ulichovuta mwezi huo. Madampa 20 yakichomekwa pamoja wakati wa kubadilishana zamu, kila moja likivuta kVA 1,000, yanadai karibu robo ya megawati 80 za Mtera, na tozo inafika shilingi milioni 264, hata kama ilitokea siku moja tu. Yakichajiwa matano matano, inashuka hadi milioni 66. Ratiba ya chaji inafaa kuandikwa kabla ya kuagiza gari.

Halafu kuna suala la umeme kukatika. Mwaka 2006 ukame ulishusha sana maji ya Mtera na nchi ikaingia kwenye mgao. Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, limepunguza hofu hiyo, lakini laini bado huanguka. Jenereta ya dizeli hutoa chini ya uniti 4 kwa lita, kwa hiyo zile uniti 65 zitakula lita 17, zaidi ya dampa la dizeli lenyewe. Ningekuwa mnunuzi, ningeomba kwanza kumbukumbu za kukatika kwa umeme kwenye laini yangu kwa miaka mitatu, ndipo nimpigie simu muuza magari.