Mali Kauli katika Duka la Ushirika: Namna ya Kukaa Vema na Wenye Mali



Neno "mali kauli" linafahamika vema kwa kila mfanya biashara wa Dar es Salaam. Maana yake ni mali inayotolewa kwa kauli: mwenye mali humkabidhi muuzaji bidhaa zake bila ya kupokea fedha, naye muuzaji huahidi kulipa baada ya kuuza. Mchuuzi wa Kariakoo huchukua viatu asubuhi na kurudisha hesabu jioni. Lakini katika maduka ya vyama vya ushirika huku pembezoni, Kinondoni na Temeke, jambo hili limegeuka. Hapa fundi ndiye anayelikabidhi duka mali yake, nalo duka la chama ndilo mchuuzi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi duka la namna hiyo linavyopaswa kuishi na wale wanaoliamini kwa mali zao.

Faida ya utaratibu huu kwa chama ni dhahiri. Chama kisicho na mtaji mkubwa chaweza kujaza rafu zake vinyago, batiki, mikeka, picha na viti bila ya kukopa benki. Hata hivyo, yatupasa tukumbuke kwamba mzigo haukutoweka, bali umehamia begani kwa mtu mwingine. Seremala wa Keko amekwisha kulipia mbao na gundi. Mchongaji wa Mwenge amekwisha kununua mpingo. Wote wawili wanangoja. Kwa hiyo mtaji wa duka hilo ni jasho lao, na duka likisahau jambo hili, uhusiano mwema hauwezi kupatikana kwa maneno matamu wala kwa chai ya mkutano.

Mafundi wa mji huu wanaijua thamani ya kuwa na mahali pamoja pa kuuzia. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru, alichora picha zake na kuziuza huko Oysterbay. Baada ya kufariki kwake mwaka 1972, wanafunzi wake waliendelea kufanya kazi pamoja, na mwaka 1990 kikundi chao kikawa chama cha ushirika. Kila mchoraji huweka jina lake juu ya picha yake, ingawa mlango wa kuuzia ni wa wote. Ndivyo ilivyo katika kila duka la mali kauli: mlango ni wa ushirika, lakini kila kitu kilichomo kina mwenyewe.

Mali ni ya nani?

Hili ndilo swali la kwanza, na ndilo linalokosewa zaidi. Mali iliyopokewa kwa kauli si ya duka. Ni ya aliyeileta mpaka itakapouzwa, na ikisha kuuzwa, fedha yake ni ya aliyeileta pia, isipokuwa ile sehemu ya kamisheni mliyopatana. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inafuata msingi huo huo. Anayetunza mali ya mwenziwe anatakiwa kuiangalia kama mtu mwenye busara ya kawaida anavyoangalia mali yake mwenyewe. Wakala naye anatakiwa kumtolea hesabu aliyemtuma kila anapoulizwa, na kumkabidhi fedha alizopokea kwa niaba yake.

Katika ukaguzi wa chama kimoja, ambacho si lazima kukitaja, nilikuta kasha la duka limejaa kuliko lilivyopata kujaa. Ndani yake mlikuwa na shilingi 2,300,000, na kamati ilikuwa imekwisha kuagiza kabati la vioo kwa furaha ya biashara hiyo. Tulipofungua vitabu vya mapokezi tukaona kwamba shilingi 1,850,000 kati ya hizo zilikuwa za watu 14 walioleta mali. Fedha halisi ya chama ilikuwa shilingi 450,000 tu, na kabati hilo lilizidi kiasi hicho. Hakuna mtu aliyeiba. Waliona fedha, nao wakadhani kuwa ni yao. Malipo ya watu wale yakachelewa miezi mitatu.

Kilichofuata kinafaa kuangaliwa na kila katibu. Walioondoka kwanza hawakuwa mafundi dhaifu, bali walikuwa hodari, kwa sababu fundi hodari hakosi mahali pengine pa kuuzia. Walibaki wale ambao kazi zao hazikupendwa kwingine. Rafu zikaendelea kujaa, lakini wanunuzi wakapungua. Duka lisilolipa kwa wakati hujifukuzia mali bora na kubaki na mali mbovu, na mara nyingi kamati hudhani kwamba tatizo ni ukosefu wa wateja.

Hati ya mapokezi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mali inapoingia dukani, iandikiwe hati ya nakala mbili: moja ya mwenye mali, moja ya duka. Hati hiyo ioneshe jina la aliyeleta, tarehe, aina na idadi ya bidhaa, kasoro zilizoonekana siku hiyo, bei mliyopatana, kiwango cha kamisheni, siku ya malipo, na muda ambao mali itakaa dukani. Pande zote mbili zitie sahihi. Asiyejua kuandika aweke dole gumba baada ya kusomewa hati mbele ya shahidi.

Wakulima wetu wanalifahamu jambo hili kwa njia nyingine. Sheria ya stakabadhi ghalani ilipitishwa mwaka 2005, na wakulima wa korosho wa Mtwara walianza kuutumia mfumo huo msimu wa 2007/08. Mkulima akikabidhi korosho zake ghalani hupewa karatasi inayothibitisha uzito na daraja. Mfumo huo umepata kusifiwa na kulalamikiwa, lakini msingi wake ni sahihi: asiyepokea fedha leo sharti apokee ushahidi leo.

Katika suala la bei, tusijidanganye kwamba wanunuzi wetu hawapatani. Kwa sababu hiyo, hati ioneshe bei mbili: bei ya kuanzia na bei ya mwisho ambayo muuzaji hana ruhusa ya kushuka chini yake bila ya kumwuliza mwenye mali. Siku hizi kumwuliza ni kupiga simu tu. Aidha, mfanyakazi wa duka asijinunulie mali ya watu kwa bei ya mwisho ili akaiuze mwenyewe kwa bei ya juu. Mwenye mali akigundua, na hakika atagundua, hatabishana nawe. Atachukua vitu vyake na kwenda zake, na habari hiyo itatangulia kufika mtaani.

Utunzaji

Kila bidhaa ina adui yake. Kinyago cha mpingo kikiachwa juani hupasuka. Batiki ikitundikwa penye jua hupauka. Mikeka na vikapu vya ukindu hushikwa na ukungu wakati wa masika, tangu Machi hadi Mei, hasa katika nyumba za mabondeni ambako maji hupanda. Viti na meza visiposogezwa na kukaguliwa huliwa na bunguo. Mtunza duka aelezwe mambo haya, na mali isiwekwe sakafuni.

Sheria inadai uangalifu wa kawaida, lakini si rahisi kwa fundi kuthibitisha kwamba duka lilizembea. Kwa ajili hiyo yafaa mapatano yenyewe yaseme wazi: kitu kikipotea au kikivunjika kikiwa mikononi mwa duka, duka litalipa. Kadhalika ielezwe ni nani atakayebeba hasara ya moto au mafuriko. Ni heri kuuliza swali hilo mvua ikiwa bado haijanyesha.

Hesabu na siku ya malipo

Tuchukue mfano. Mwanachama wa Mbagala ameleta vipande 10 vya batiki, kila kimoja kwa shilingi 30,000, na kamisheni ni asilimia 20. Mwisho wa mwezi vipande 7 vimeuzwa, 2 vimo dukani, na 1 hakionekani. Mauzo ni shilingi 210,000. Kamisheni ya duka ni shilingi 42,000, na haki ya mwenye mali ni shilingi 168,000. Kwa kile kilichopotea duka litamlipa shilingi 24,000, yaani kiasi ambacho angepata kama kingeuzwa. Jumla atapokea shilingi 192,000, na daftari litaonesha vipande 2 vilivyobaki. Saba na mbili na moja ni kumi, hesabu imefungwa.

Ili hesabu hiyo iwezekane, fedha za wenye mali zitengwe siku ile ile ya mauzo. Ni afadhali ziwekwe katika akaunti ya peke yake. Chama kisichoweza, kiwe walau na kasha lake na kitabu chake. Kodi ya nyumba, umeme na mishahara vilipwe kutokana na kamisheni. Kama kamisheni haitoshi, mkutano wa wanachama uambiwe hivyo, upate kuamua kupandisha kiwango au kupunguza gharama. Kukopa fedha ya mafundi kimya kimya ni kuahirisha taarifa hiyo kwa gharama ya wasioulizwa.

Siku ya malipo iwe moja na ijulikane, kwa mfano Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Anayelipwa kwa simu apelekewe pia maelezo ya kilichouzwa, maana fedha bila maelezo huzaa mashaka. Yule ambaye hakuuza kitu naye aarifiwe. Fundi anayeambiwa kwamba wanunuzi wanauliza viti vifupi zaidi amepata habari ya kumsaidia kazini. Fundi asiyeambiwa lolote hudhani anafichwa.

Mali isiyouzwa

Mali ikikaa muda mliopatana bila ya mnunuzi, mwenyewe aitwe. Mkubaliane ama kupunguza bei, ama kuichukua. Katibu amweleze kwa heshima na kwa faragha, si mbele ya wateja, kwa kuwa kazi ya mikono ya mtu ni sehemu ya utu wake. Vile vile duka lisione haya kukataa kazi mbovu siku ya kwanza. Kuipokea kwa kuona haya, kisha kuificha nyuma ya mlango miezi sita, si wema.

Ndugu Makatibu, yote yaliyoelezwa hapa hayahitaji mtaji mpya. Yanahitaji kitabu cha hati, kalamu, na moyo wa kutoigusa fedha isiyo yetu hata siku ile kodi ya nyumba inapodaiwa. Kabla ya mkutano ujao wa kamati, kila duka lihesabu fedha iliyomo, liondoe haki za wenye mali, kisha litazame kinachobaki. Hicho ndicho cha chama. Kikiwa kidogo, tukijue kuwa ni kidogo, na tuanzie hapo.