Take Off: Kitenzi Kimoja, Maana Nyingi

Mwanafunzi Mlugbara anayesoma Kiingereza huko Mvara, kitongoji cha mji wa Arua nchini Uganda, ambako wamisionari wa Africa Inland Mission walianza kazi mwaka 1918, hukutana mapema na kitenzi take off, na kwa kawaida hukaririshwa maana zake moja moja: kuvua viatu, ndege kupaa kwenda Entebbe, kupunguza bei, kupumzika kazini kwa siku moja, biashara kushika kasi, kumwigiza mtu kwa dhihaka. Orodha ya namna hiyo huchosha kumbukumbu bila kueleza lolote, kwa kuwa inaficha kwamba mzigo mkubwa umebebwa na kijineno off, kinachoonyesha kitu kikiachana na kile kilichokishika au kukibeba. Kiatu huachana na mguu, ndege na ardhi, shilingi mia tano na bei, siku ya mapumziko na ratiba ya kazi, na biashara inayoshika kasi imeazima sura ya ndege. Maana ya kumwigiza mtu ndiyo pekee isiyoingia vizuri katika mkondo huu, nayo heri ikaririwe tu.

Kiswahili hueleza utengano kwa kugeuza mwisho wa kitenzi chenyewe, ambapo funga huwa fungua na ziba huwa zibua, umbo ambalo wanasarufi huliita kauli ya kutendua. Kilugbara, ambacho ni lugha ya tawi la Sudani ya Kati, hakimwachi mwanafunzi wake mikono mitupu, kwani sauti moja tu ya mwanzoni hugeuza mwelekeo wa tendo: mu ni kwenda na emu ni kuja, ji ni kupeleka na eji ni kuleta. Anayezungumza hivyo tangu utotoni ameshazoea kwamba kipande kidogo huamua tendo linaelekea wapi, na inashangaza kwamba vitabu vya sarufi havimkumbushi.

Hata mpangilio wa maneno hauna ugeni mkubwa. Husemwa take off your shoes au take your shoes off, lakini kiwakilishi hukaa katikati lazima, take them off, kama vile -vi- inavyokaa ndani ya neno avivue.

Off hiyohiyo huonekana pia pale Waganda wengi wanaposema put off the lights kwa maana ya kuzima taa, ilhali Kiingereza cha vitabuni kimeiachia put off kazi ya kuahirisha. Matumizi hayo yana mantiki ileile ya kuachanisha, wala si ujinga. Hata hivyo, katika karatasi ya mtihani mwanafunzi aandike turn off.