Usimhukumu mtoto kwa peremende moja

WAHENGA walisema subira huvuta heri. Lakini je, mpenzi msomaji, waweza kuipima subira ya mtoto wa miaka minne kwa peremende moja, kisha ukatabiri maisha yake ya ukubwani?

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanasaikolojia Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwapima watoto katika shule ya chekechea ya chuo hicho. Mtoto aliambiwa kwamba akingoja hadi mtafiti arudi, angepewa vitu vitamu viwili. Akishindwa, angepata kimoja tu.

Baadaye baadhi ya watoto hao walifuatiliwa. Mnamo 1990, Mischel na wenzake walieleza kwamba wale waliongoja zaidi walielekea kupata alama za juu katika mtihani wa kuingia chuo kikuu. Habari zikaenea, na wako wazazi walioamini kwamba mtoto asiyeweza kungoja amekwisha kupotea.

Kabla hujakata tamaa na mwanao, uliza maswali matatu.

Kwanza, waliopimwa ni watoto wa nani? Wengi walikuwa wana wa wahadhiri na wanafunzi wa Stanford. Mnamo 2018, Tyler Watts na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto zaidi ya 900 kutoka familia za kila hali. Uhusiano kati ya kungoja na masomo ya baadaye ulikuwepo, lakini ulikuwa kama nusu tu ya ule wa awali. Walipozingatia hali ya nyumbani na uwezo wa mtoto tangu utotoni, ulipungua tena kwa thuluthi mbili.

Pili, je, jambo moja limeleta jingine, au yameandamana tu? Jogoo huwika alfajiri, lakini hata asipowika kutakucha. Nyumba yenye chakula cha kutosha na vitabu yaweza kumpa mtoto subira na alama nzuri kwa pamoja.

Tatu, mtoto alikuwa na sababu ya kumwamini mtu mzima aliye mbele yake? Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester waliwapima watoto 28, na matokeo yakachapishwa mnamo 2013. Waliokuwa wametimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa ahadi walingoja dakika tatu tu. Naam, anayekula mapema huenda si mlafi; amejifunza kwamba cha ahadi hakifiki.

Basi, mzazi, badala ya kumtega mwanao kwa peremende, timiza ahadi ndogo ndogo. Ukisema utarudi na maandazi, rudi nayo. Nawe mwanafunzi, kila usomapo kwamba utafiti umethibitisha jambo, uliza ni akina nani waliopimwa, walikuwa wangapi, na ni nini kingine kingeweza kuleta matokeo hayo.