Aliyetibiwa Moyo kwa Mrija Asifungiwe Kitandani

Mgonjwa wa moyo akirejea Karagwe au Kyerwa kutoka Dar es Salaam, jambo la kwanza tulifanyalo ni kumtandikia kitanda. Akitaka kutoka uani, watu watatu humzuia. Ni huruma, lakini kwa aliyetibiwa kwa mrija, huruma hiyo yaweza kumdhuru.

Tiba hii, ambayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete huifanya pale Muhimbili, haipasui kifua. Daktari hupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa kinena au wa kifundo cha mkono hadi moyoni, akatazama mishipa au akazibua palipoziba. Aliyetobolewa kinena hulazwa chali saa kadhaa, mguu umenyooka, kwa kuwa mshipa ule ni mkubwa na damu yake ina nguvu; akikunja paja mapema, tundu laweza kufunguka. Aliyetobolewa mkononi kwa kawaida huinuka mapema zaidi. Daktari akishatoa idhini, kutembea ni sehemu ya tiba: kulala mno huumiza mgongo, hudhoofisha misuli, na damu huweza kuganda miguuni.

Werner Forssmann, daktari kijana wa Ujerumani, mwaka 1929 alijipitishia mrija mkononi hadi moyoni, kisha akatembea hadi chumba cha eksirei mrija ungali ndani. (Asiigwe!)

Swala ikiingia katika saa zile za kulala, mgonjwa asijiinue. Sharia imemruhusu asiyeweza kusimama aswali ameketi, na asiyeweza kuketi aswali amelala, kwa ishara. Asiyeweza kutumia maji atayamamu. Hata nyumbani, kusujudu na choo cha kuchuchumaa hukunja kinena, basi daktari aulizwe mapema ni siku ngapi mgonjwa aswali kitini. Swali hili wengi huona haya kuliuliza.

Aulizwe pia lini asafiri. Safari ya basi huzidi kilomita 1,300. Kila linaposimama, mgonjwa ateremke anyooshe miguu. Kutoka Omurushaka au Nkwenda, bodaboda iachwe ikiwezekana. Nyumbani atembee taratibu, akiongeza kidogo kila siku, ila mkungu wa ndizi na ndoo ya maji abebewe.

Damu ikichuruzika au uvimbe ukikua, mgonjwa alazwe, penye tundu pakandamizwe kwa nguvu, na apelekwe hospitali upesi, iwe Nyakahanga au Isingiro, mkono ukiwa haujaondolewa.