Samaki Wanaolisha Watoto kwa Miili Yao

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda wengi wenu hamkulitazamia, yaani samaki wafugwao nyumbani ndani ya tangi la kioo. Labda mtu atauliza, "Samaki wa mapambo wana faida gani, nao hawaliwi?" Ni kweli, hawaliwi. Lakini twawaombeni mtusikilize mpaka mwisho, kwa maana samaki hawa wametufundisha sisi wazazi jambo ambalo hatukulijua vizuri.

Samaki tunaowasema huitwa diskasi. Kwao ni Mto Amazon, kule Amerika ya Kusini. Umbo la diskasi ni la mviringo na bapa, kama sahani iliyosimamishwa kwa ukingo wake. Mtaalamu wa Austria, Johann Jakob Heckel, ndiye aliyemwandika kwanza katika vitabu vya sayansi, mwaka 1840. Ijapokuwa kwao ni mbali, ana jamaa zake hapa kwetu, kwani ni wa ukoo mmoja na ngege wa Ziwa Viktoria. Ndugu zetu wa Nyanza wajua kwamba ngege jike huatamia mayai kinywani mwake, na hatari ikitokea watoto hukimbilia humo. Naye diskasi ana njia yake: hulisha watoto wake kwa ngozi ya mwili wake.

Hebu tueleze jinsi inavyokuwa. Mume na mke huchagua mahali pa wima, wakapasafisha kwa vinywa vyao. Sisi huwawekea chungu cha udongo, tukakifunika kifudifudi. Mke hutaga mayai mengi hapo, pengine mia mbili au zaidi, na mume hupita nyuma yake akiyarutubisha. Kisha wote wawili hulinda, wakiyapepea kwa mapezi usiku na mchana. Baada ya siku mbili na nusu au tatu mayai huanguliwa. Watoto hubaki wamening'inia pale pale siku tatu hivi, halafu huanza kuogelea. Nao huenda wapi? Huenda moja kwa moja ubavuni mwa baba au mama, wakaanza kula ute unaofunika ngozi yake. Mzazi mmoja akichoka hujitikisa na kuondoka ghafula, na watoto wote huhamia kwa mwenzake. Hivyo ndivyo wanavyopokezana kazi, na baba hulisha sawasawa na mama.

Sasa tuje Nairobi, kwa maana hapa ndipo taabu yetu ilipoanzia. Diskasi ataka maji laini, yale yatoayo povu la sabuni upesi, yenye uchachu kidogo, na joto la digrii 28 hadi 30. Maji ya mfereji ya jiji yafaa, kwa kuwa mengi hutoka milima ya Aberdare, hasa katika Bwawa la Ndakaini lililokamilika mwaka 1994. Lakini yana klorini ya kuua vijidudu, na klorini huua samaki pia. Kwa hiyo yafaa kuyaweka katika pipa siku nzima, na pampu ya hewa ikiyatibua, kabla ya kuyamimina tangini.

Sisi twakaa Kangemi, upande wa magharibi wa jiji. Mwaka ule wa kwanza mifereji ilikauka kwa majuma kadhaa, tukanunua maji ya lori yaliyotoka katika kisima kirefu. Hatukuuliza neno, tuliona ni maji tu. Kumbe maji mengi ya visima virefu vya Nairobi yana magadi, tena yana floraidi, ile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Diskasi wetu walitaga, na siku ya pili mayai yakawa meupe kama unga, yote yameharibika. Tulipopata tena maji ya mfereji walitaga mara ya pili, lakini usiku wakayala mayai yao wenyewe. Tulikasirika sana, hata tukataka kuwauza. Mzee mmoja mfugaji alitwambia, "Hao bado vijana, na ninyi mwawachungulia kila saa. Waacheni watulie." Tukafunika kioo kwa gazeti pande tatu, tukawakataza watoto kugonga tangi, tukangoja.

Walipotaga mara ya tatu mayai yaliendelea vizuri. Tukaacha taa ndogo iwake usiku, ili watoto wasipotee gizani wakakosa ubavu wa kula. Tangi hatukulitia mchanga wala mawe, kwa kuwa mtoto asiyemwona mzazi wake hufa njaa baada ya muda mfupi. Kila siku tulitoa sehemu ya maji na kurudisha mengine yenye joto lile lile. Wazazi tuliwalisha moyo wa ng'ombe, tulioununua Soko la Jiji, Barabara ya Muindi Mbingu, tukaondoa mafuta na mishipa na kuusaga laini. Kwani anayeliwa hana budi naye kula.

Basi, ikaja baridi ya Julai. Ninyi mwaijua Nairobi ya mwezi huo, na jinsi umeme ukatikavyo. Usiku wa nne baada ya watoto kuanza kuogelea taa zilizimika, hita ikapoa. Tuliwasha jiko la makaa nje, tukachemsha maji, tukayatia katika chupa na kuzielekeza tangini, zikielea zimefungwa vizuri. Tukalivika tangi mablanketi yetu wenyewe. Kwa kuwa pampu ya hewa nayo ilikuwa imezimika, tulichota maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu, kwa zamu, mpaka alfajiri. Kulipokucha wengi walikuwa wamekufa chini ya tangi. Lakini wazazi walikuwa wamesimama karibu karibu, na ubavuni mwao watoto arobaini na watatu walikuwa wakila.

Juma lililofuata tuliwaanzishia watoto chakula kingine, wale uduvi wadogo sana waitwao artemia, ambao mayai yao huanguliwa katika maji ya chumvi. Lakini bado walipenda ubavu. Halafu, katika juma la tatu, tuliona jambo la kutuhuzunisha. Watoto walipowakaribia wazazi, wazazi waliwakimbia. Tulisema, "Sasa wamewachoka."

La, hatukuelewa. Mwaka 2010 wataalamu wa Uingereza na Brazil walieleza matokeo ya uchunguzi wao juu ya samaki hawa. Waliona kwamba wakati wa kulea, ute wa wazazi huzidi kuwa na protini na kinga za magonjwa, karibu kama maziwa ya mama. Kwa majuma mawili hivi wazazi huwa tayari kuliwa wakati wote. Katika juma la tatu huanza kuwakimbia watoto kwa vipindi, na watoto huanza kujitafutia chakula. Kufikia juma la nne watoto huwa wameachishwa. Kumbe kule kukimbia nako ni malezi!

Ndugu wapenzi, wazazi wengine twakimbia mapema mno. Twawapa watoto wetu karo, nguo na chakula, lakini ubavu wetu hawauoni. Twatoka kabla hawajaamka na kurudi wamelala. Wazazi wengine hatukimbii kamwe. Kijana ana kazi yake mjini, nasi bado twataka ale kwetu na kuamuliwa na sisi. Samaki hawa, ambao Muumba hakuwapa maneno, wajua saa ya kusimama na saa ya kuondoka.

Jioni hii utakapofika nyumbani, mtazame kila mtoto wako, ujiulize: huyu yuko katika juma la kwanza, au la tatu? Kisha fanya linalompasa. Mungu awasaidie katika malezi.