Kamera Ilipohamia Mtaani

Mwaka 2018 vijana wanne wa kundi la Ethic, kutoka Umoja, mashariki mwa Nairobi, walitoa "Lamba Lolo". Kwenye video yake hakuna jumba la kukodi. Kuna mtaa wao, wenzao wa mtaani na Sheng yao wenyewe. Wimbo ukasambaa YouTube, na nyuma yake likafuata wimbi zima la gengetone, rapu ya mtaani ya vijana wa Nairobi.

Kabla ya hapo, kichupa cha msanii mwenye ndoto kubwa kilikuwa na safari ndani yake. Diamond Platnumz, kijana wa Tandale, Dar es Salaam, alienda kurekodi video ya "Number One" Afrika Kusini mwaka 2013. Wapo walioiona kuwa ni fahari tupu, lakini ilikuwa pia hoja: kwamba mtoto wa uswahilini anaweza kuonekana kwenye skrini moja na mastaa wa Lagos na Johannesburg bila kuona haya. Kwa Diamond, kufanikiwa ni kuonekana umetoka. Ethic wao hawakuhama, wakataka mtaa wenyewe ndio utazamwe. Ukizima sauti bado utasikia mabishano ya video hizo mbili kuhusu maana ya utajiri, kwa kuwa mandhari nayo huzungumza.

Intaneti ndiyo iliyowapa vijana wa Umoja uwezo wa kuutazamisha mtaa wao. Zamani mlango ulikuwa mmoja, kituo cha televisheni. "Nishike" ya kundi la Sauti Sol ilipokataliwa na baadhi ya vituo vya Kenya mwaka 2014, watazamaji waliifuata YouTube. Serikali hazikukaa kimya. BASATA, baraza la sanaa la Tanzania, iliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Novemba 2018, na mwaka 2022 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, ikapiga marufuku video ya "Mtasubiri", ya Diamond na Zuchu, kwa sababu ya onyesho la kanisani.

Kinachosikitisha ni kile ambacho wakaguzi hawa hukipita. Wanapima urefu wa sketi na utakatifu wa jengo, lakini ni nadra kuuliza mwanamke kwenye video anafanya kazi gani. Kando ya bwawa la kuogelea au kwenye ngazi za ploti, kazi yake ni ileile: anazunguka, kamera inamkata kiuno na mapaja, uso wake haukai kwenye picha hata sekunde mbili. Mwanamume ana jina, ana maneno, ana kisa. Kwa upande huo, mapinduzi ya gengetone hayakupindua kitu.

Ilibidi wasikilizaji waseme. Ethic walipotoa "Tarimbo" mwaka 2019, Wakenya wengi, wanawake wakiwa mbele, walipinga vikali maneno waliyoyaona kuwa yanashabikia ubakaji. Video iliondolewa YouTube na kundi likaomba radhi. Safari hii lililolindwa halikuwa "maadili" ya jumla, bali mwili wa mtu.

Mwaka uliofuata rapa wa Kenya Femi One alitoa "Utawezana" akiwa na Mejja. Humo mwanamke ndiye mwenye wimbo, anarapu ana kwa ana na mwanamume na hampishi. Wakati corona imewafungia watu majumbani, wasichana kwa wavulana walijirekodi kwa simu wakiucheza na kuposti TikTok, kila mmoja akijipangia mwenyewe kamera yake ikae wapi.