Uchaguzi wa Desemba 20: Wakaaji wa Idjwi walichagua mara tatu, lakini wanaowaongoza kila siku hawakuwamo kwenye mashine

BUKAVU – Jumatano, Desemba 20, 2023, Wakongomani walimchagua raisi wa jamhuri na wabunge. Katika Kivu Kusini kuna wilaya moja ambako hakuna barabara inayofika kutoka mjini: Idjwi. Mashine za kupigia kura, betri zake na karatasi za matokeo zilipaswa kuvuka Ziwa Kivu.

Kisiwa hicho, chenye Rwanda upande wa mashariki na Kalehe upande wa magharibi, ndiyo wilaya ndogo kuliko zote nane za jimbo. Kina karibu kilomita za mraba 300, wakati Shabunda peke yake inapita 25,000. Zamani kilihesabiwa ndani ya Kalehe. Leo kinajitegemea na kina sultani mbili: Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini.

Tofauti na Bukavu

Mkaaji wa Kadutu, Ibanda au Bagira alichagua mara nne: raisi, mbunge wa kitaifa, mbunge wa jimbo na mshauri wa komini. Mkaaji wa Idjwi alichagua mara tatu tu, kwani safari hiyo CENI ilipanga uchaguzi wa washauri katika komini za miji mikuu ya majimbo peke yake.

Jambo hilo si dogo. Mkuu wa wilaya anateuliwa na serikali. Mwami anarithi kiti kwa desturi. Sheria inasema kila usultani uwe na baraza lililochaguliwa na raia, likae karibu na mwami na kufuatilia pesa zinazokusanywa. Tangu Katiba ya 2006, mabaraza hayo hayajawahi kuchaguliwa. Kwa hiyo mkulima mwenye shida ya shamba, au mama anayelipa kodi sokoni, hana mtu wa karibu aliyemchagua ambaye anaweza kumwuliza.

Ndiyo sababu kura ya mbunge wa jimbo ina uzito mkubwa kisiwani kuliko inavyodhaniwa. Wabunge wa jimbo ndio wanaopitisha bajeti ya Kivu Kusini, wanaochagua maseneta na wanaomchagua gavana. Théo Ngwabidje Kasi alipata ugavana mwaka 2019 kwa kura za bunge hilo, si kwa kura za raia moja kwa moja. Anayemchagua mbunge wa jimbo kwa sababu ya sabuni au fulana ya kampeni, amemsaidia pia kumchagua gavana bila kujua.

Kadi ilitolewa wapi?

Viti vya wabunge vinagawanywa kufuatana na idadi ya walioandikishwa katika kila eneo la uchaguzi. Mwaka 2023 nchi nzima ilikuwa na walioandikishwa karibu milioni 44 kwa viti 500 vya bunge la kitaifa, ni kusema kiti kimoja kwa watu karibu 88,000.

Hapo ndipo kisiwa kinapoteza. Wana Idjwi wengi wanaishi kwa kuvuka maji: wavuvi wa sambaza, wachuuzi wa mananasi na ndizi wanaoshukia Beach Muhanzi, wanafunzi wa Bukavu na Goma. Uandikishaji ulipoanza upande wetu Februari 16, 2023, aliyechukua kadi Goma alihesabiwa Goma. Familia yake iko Idjwi, lakini kura yake inaongeza nguvu ya mji mwingine.

Ziwa ndilo swali kubwa

Kwa kisiwa, usalama wa ziwa ndio ungestahili kuwa kipimo cha kila mgombea. Aprili 2019 boti ilizama upande wa Kalehe na watu zaidi ya 100 wakapotea. Raisi Félix Tshisekedi alifika huko na kuagiza kila msafiri avae jaketi ya kuokolea. Mei 2023, mafuriko yalipobomoa Bushushu na Nyamukubi, miili ya ndugu zetu ilielea mpaka kwenye fukwe za Idjwi.

Kuna pia kahawa. Kwa miaka mingi wakulima wa kisiwa wameivusha usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda kutafuta bei nzuri, na wengine hawakurudi. Mgombea anayeahidi maendeleo aulizwe: nani atakagua boti, na nani atanunua kahawa hapa hapa kwa bei ya haki?

Kwenye orodha ya raisi, CENI ilitangaza wagombea 26, ingawa baadhi walijiondoa wakimuunga mkono Moïse Katumbi. Kivu Kusini iliangalia hasa kura za daktari Denis Mukwege wa Panzi, aliyegombea kwa mara ya kwanza.

Kule Masisi na Rutshuru vita viliwanyima raia nafasi ya kupiga kura. Idjwi ilikuwa nayo. Vituo vilipangwa kufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliyekuwa kwenye mstari saa hiyo alikuwa na haki ya kupiga kura. Kura zinahesabiwa pale pale, na matokeo yanabandikwa mlangoni. Mashahidi na raia wayasome na kuyapiga picha. Karatasi ya mlangoni ndiyo ushahidi watakaobaki nao wenyeji.